Kwa Nini Hawakumkata Mama?



Mwezi huu nataka tuzungumzie swali nililoulizwa na kijana mmoja wa ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Mama yake aligunduliwa kuwa na saratani ya titi iliyokwisha kufika mifupani. Watoto wakauza baadhi ya minazi, wakampeleka Dar es Salaam. Akarudi na vidonge, bila kupasuliwa.

Nilipokwenda kumwangalia pamoja na akina mama wa kanisani, kijana akaniambia kwa uchungu, "Sista, wamemkatia tamaa mama yetu. Mbona titi lenyewe hawakuliondoa? Tuuze minazi iliyobaki, tutafute wa kumkata."

Nilimwelewa. Sisi wauguzi ndio tunaosema kila siku: ukiona uvimbe, wahi upasuliwe. Na ni kweli. Saratani ikiwa bado titini, au imefika kwapani tu, upasuaji pamoja na dawa unaweza kuiponya. Lakini chembe zake zikishasafiri kwa damu hadi mifupani, mapafuni au kwenye ini, kuliondoa titi hakuzifikii zile zilizokwisha kuondoka. Kinachozifuata huko ni dawa inayopita mwilini mwote: vidonge vya kuzuia homoni au dawa za dripu, kulingana na aina ya saratani.

Jambo hili limepimwa. Hospitali ya Tata, Mumbai, India, iliwagawa wanawake 350 wenye saratani iliyosambaa katika makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa titi, jingine halikupasuliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa kama 42 kwa kila 100 kati ya waliopasuliwa, na 43 kati ya wasiopasuliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 nao haukuona maisha yakiongezeka. Mmoja wa Uturuki uliona faida, hivyo madaktari bado humpima kila mgonjwa kwa hali yake.

Je, kisu hakina kazi tena? Kinayo. Titi likichimbika, likatoa damu au harufu hata mama akaona haya kukaa na wenzake, kuliondoa kunaweza kumpa raha. Mfupa uliovunjika huweza kuwekewa chuma. Na mgonjwa wa namna hii miguu ikilegea ghafla, au akishindwa kuzuia mkojo, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Basi kabla ya kuuza shamba, muulizeni daktari: Upasuaji huu ni wa kuponya, au wa kupunguza taabu? Usipofanyika, mgonjwa atapungukiwa nini? Na dawa zitaanza lini? Maana kidonda cha upasuaji kikichelewa kupona, na dawa huchelewa.

Lakini msimwogopeshe mwenye uvimbe mpya kwamba saratani ikiguswa na kisu ndipo husambaa. Hilo si kweli, na limewachelewesha wengi.

Minazi haikuuzwa tena. Juzi nilivuka kwenda kumwona yule mama. Anameza vidonge vyake kila siku, na dawa ya maumivu anaipata. Nilimkuta barazani akichambua mchele, wajukuu wamemzunguka.

Tukutane mwezi ujao.