Sifuri za kushoto zina kazi

Na Zuhura Msangi

Nilipokuwa karani wa mishahara, mlinzi wetu wa zamu ya usiku alikuja dirishani kwangu mwisho wa mwezi, karatasi ya benki mkononi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 450,000. Zilizoingia ni 4,500. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mama, nimekosa nini?"

Hakukosa kitu. Mfumo wetu wa zamani ulitaka kila kiasi kiwe na tarakimu 10, bila nukta, mbili za mwisho zikiwa senti. Tulipaswa kuandika 0045000000. Mstari wake ulirekebishwa kwa mkono, ukaandikwa 0000450000. Tarakimu zilitimia 10, kwa hiyo mfumo ukapokea.

Mpangilio huu ungali hai. Nchini Marekani, mishahara inayopita mtandao wa malipo ya benki uitwao ACH husafiri katika mistari ya herufi 94. Kiasi hukaa nafasi ya 30 hadi ya 39: dola 1,250.50 huandikwa 0000125050. Asili ni kadi za kutobolewa, ambazo IBM ilizipa safu 80 mwaka 1928. Nafasi ilikuwa haba, nukta ikaachwa. Lugha ya programu iitwayo COBOL ikaurithi utaratibu huo.

Nawasikia vijana wa programu wakiubeza. Nawasihi wauheshimu, kwa sababu upande wa pili wa faili kuna mtu anayesubiri kodi ya nyumba. Kigeuzeni kiasi kuwa senti kwanza, ndipo mjaze sifuri kushoto. Faili likifunguliwa kwa Excel, hakikisheni sifuri hizo hazijafutwa. Kiasi kikizidi nafasi zilizopo, programu isimame na kusema; isikate tarakimu kimyakimya.

Juu ya yote, faili lisiondoke bila jumla. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. ACH inalizingatia hilo: mistari ya kufungia hubeba jumla ya fedha zote, ili mpokeaji ahakiki. Kila ofisi inayolipa watu iweke sharti hilo kwa maandishi, na jumla hiyo ilinganishwe na daftari la mishahara kabla faili halijatumwa.

Siku ile tungelinganisha, pengo la shilingi 445,500 lingetukodolea macho tukiwa bado mezani. Hatukulinganisha. Mlinzi akasubiri siku nne, na kila usiku alikuja kutulindia lango.