Mabanda ya farasi yakaguliwe kabla hayajaungua



Haya ni malalamiko ambayo sisi masaisi tumewafikishia waajiri wetu mara nyingi bila kusikilizwa.

Mabanda niliyofanyia kazi hapa Nairobi mengi ni ya mbao. Chini hutandazwa nyasi kavu au maranda, na marobota ya nyasi za boma rhodes hurundikwa hadi kwenye dari, chini ya paa lilelile walimolala farasi. Waya za umeme zimeungwaungwa, utando wa buibui umetanda juu ya balbu, na baridi ya Julai ikija, jiko la makaa huwashwa humo humo. Usiku mlango mkubwa hutiwa kufuli, na ufunguo huenda nyumbani kwa msimamizi. Kinachohofiwa ni wizi. Hakuna anayeuliza sisi tunaolala chumba cha pembeni tutatokea wapi, wala ni nani atakayewafungulia farasi.

Tena si lazima moto uwashwe na mtu. Nyasi zikifungwa robota kabla ya kukauka sawasawa, unyevu ukizidi takriban asilimia 20, huchacha na kupata joto ndani kwa ndani. Katika wiki za mwanzo zinaweza kuwaka zenyewe. Na moto ukishashika nyasi, muda wa kumwokoa mnyama ni dakika chache. Mara nyingi moshi humuua kabla moto haujamfikia. Farasi aliyeshikwa na hofu hung'ang'ania chumba chake, na hata ukimtoa anaweza kurudi mbio motoni.

Mei 2018, banda la Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, liliteketea na farasi 16 wakafa. Ikiwa jiji kama lile lilipoteza wanyama wengi hivyo, itakuwaje kwetu gari la zimamoto likikwama kwenye foleni ya Ngong Road?

Sheria tunayo. Kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilitolewa mwaka 2007. Zinamtaka mwajiri aweke vifaa vya kuzimia moto, afanyiwe ukaguzi wa moto kila mwaka, na awafanyishe wafanyakazi zoezi la kujiokoa angalau mara moja kila miezi 12. Banda la farasi ni mahali pa kazi. Hata hivyo, kote nilikopita sijawahi kuona zoezi hilo likifanywa.

Wenye farasi wajenge ghala la nyasi mbali na banda. Waite fundi wa umeme mwenye leseni akague waya zote, na wapige marufuku jiko na sigara ndani. Kila chumba cha farasi kining'inizwe hatamu na kamba mlangoni, na mitungi ya kuzimia moto iwekwe kila upande wa banda. Kama wanaogopa wezi, waajiri askari wa usiku na kuondoa kufuli.

Idara ya Usalama na Afya Kazini nayo isisubiri maiti. Wakaguzi waje usiku, wajionee milango ilivyofungwa, na atakayekaidi afikishwe mahakamani. Uhai wa saisi na wa farasi anayemtunza hauwezi kuachwa mikononi mwa mtu aliyelala kwake na ufunguo mfukoni.

Saisi,
Lang'ata, Nairobi