Daftari Lililofichwa



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, karani wa hapa Mitundu, alitusomea shairi lake baada ya mkutano. Hata kabla hajafika ubeti wa tatu tulikwisha kumcheka. Mmoja alimwuliza kama tungo zitamwongezea mshahara; mwingine alisema ushairi ni kazi ya watu wa pwani. Tangu siku ile hatukuliona tena daftari lake. Twaandika haya kwa kuwa sisi nasi tulikuwamo miongoni mwa waliocheka.

Neno la pwani halina msingi. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya jirani zetu Wagogo, alikuwa mtumishi wa serikali, na ni yeye aliyezieneza ngonjera. Neno la mshahara nalo ni dhaifu. Shaaban Robert aliingia ukarani wa Forodha mwaka 1926, kisha akahamia Idara ya Wanyama. Wala ukarani haukumzuia kuwa bingwa wa lugha yetu.

Walakini mtu asidhani ya kuwa kipawa hakizuiliki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kufikirika kilipigwa chapa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mwenyewe hakuvishika mkononi. Naye Siti binti Saad wa Fumba, mchuuzi wa vyungu, alidharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, hata mwaka 1928 sauti yake ilipotiwa katika santuri huko Bombay. Hao twawajua kwa kuwa walishinda. Walioshindwa hatuna majina yao, na hasara hiyo haihesabiki.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Si kila kipawa huuawa na jamii. Vingine huuawa na wenyewe. Yuko ajuaye kutunga, naye kila jioni huimaliza kilabuni. Yuko asiyekubali kusahihishwa vina vyake. Yuko angojaye kupanda cheo kwanza ndipo aandike, na cheo kikija huja na uchovu. Tena yuko aachaye kazi yake kwa sababu ya kicheko cha jioni moja. Kicheko kile ni kosa letu. Bali daftari likioza sandukuni, sehemu ya kosa itakuwa yake. Siti alichekwa, naye hakuacha kuimba.

Basi twamtaka radhi mwenzetu mbele ya wanachama wote. Twamwomba alilete daftari lake katika mkutano ujao. Tutamsikiliza hadi mwisho. Penye uzuri tutasifu, na mizani ikipungua tutamwambia kwa adabu, naye apokee kwa adabu. Ukurasa wa mwisho wa toleo lijalo tumeuacha wazi kwa ajili ya shairi lake.

Mhariri