Ndama na Ng'ombe Zizi Moja

Kuna kauli ya mafundi wa kompyuta iliyonichosha: “Diski yenyewe ndogo, mzee, ya nini kuigawa? Weka vyote pamoja.” Niliisikia Arash, mbele ya kompyuta kuukuu ya mezani, diski ya gigabaiti 40, kumbukumbu ya megabaiti 512, umeme wa jua. Fundi akaweka Linux na kila kitu katika chumba kimoja, akaenda zake. Siku betri ilipoisha katikati ya kazi, mfumo ukagoma kuwaka. Fundi wa pili akafomati diski nzima, na mihutasari ya mikutano ya kijiji ikapotea.

Ndugu msomaji, muhtasari si karatasi tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na muhtasari ndio unaoonyesha idhini hiyo. Najua neno “kugawa” lina uchungu wake huku Loliondo, tangu vigingi vya Juni 2022 vilivyotenga kilomita za mraba 1,500. Lakini mfugaji huyu huyu hutenga alalili, malisho ya ndama karibu na boma, hasa nyasi zikiwa chache. Uchache ndio sababu ya kutenga!

Basi niligawa mwenyewe. Gigabaiti 40 za kiwandani mashine huzisoma kama 37 (kiwanda huhesabu kwa elfu, mashine kwa 1,024). Nikaupa mfumo 12, mwanzoni mwa diski. Swapu 1, maana kumbukumbu ni haba. 24 zilizobaki zikawa za mafaili ya watu. Migawo mitatu, na jedwali la zamani la diski huruhusu mikuu 4.

Wataniambia chumba cha mfumo kikijaa hakiwezi kuazima nafasi ya jirani. Kweli. Nami nafuta vifurushi vya programu vilivyokwisha kusimikwa, na 12 zinatosha. Kweli pia kwamba diski ikifa, vyumba vyote hufa. Kwa hiyo nakala ipo kwenye flashi.

Mfumo uliharibika tena. Nikausimika upya, nikakiambia kisimikaji kisiguse mgawo wa tatu. Jioni mihutasari ikafunguka yote. Fundi wa kwanza, nilipomweleza, alisema nilikuwa nimepoteza nafasi bure.