Saa ya Mapumziko ni Haki

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya mapumziko ya mchana, ambayo katika afisi nyingi za mjini yamegeuka kuwa kula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mkono wa pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi wa Tanzania Bara, afanyapo kazi mfululizo zaidi ya saa 5, mapumziko yasiyopungua dakika 60, wala haimruhusu mwajiri kumshughulisha wakati huo ila kwa kazi isiyoweza kuachwa bila mwangalizi au kufanywa na mwingine. Na kwa kuwa mwajiri halazimiki kuulipia muda huo, anayeukata hula mali ya mwenzake. Nasi, kwa tamaa ya kusifiwa bidii, twamsaidia kuila! Wenye maduka wengi wa Mji Mkongwe, Unguja, hufunga milango adhuhuri, wakasali, wakala, wakajinyoosha hata jua lipunguze ukali, na biashara yao haikufa. Rai yangu ni kwamba wakuu wa afisi ndio watangulie kuondoka mezani saa saba, kwani karani hathubutu kunyanyuka hali bwana wake angali ameinamia faili.

Wako mtiifu,
Msomaji, Dar es Salaam