Thogoto ya 1913 na Mafarakano ya Makanisa Nairobi

Katika Nairobi ya leo, hasa kutoka katikati ya mji kuelekea Kangemi, Kawangware na Uthiru, si jambo geni kuona kanisa moja limegawanyika mara mbili katika miaka michache, kila kipande na bango lake, vipaza sauti vyake na kiongozi wake, na chanzo cha mgawanyiko kikichunguzwa, mara nyingi huonekana kuwa si fundisho la imani bali ni kiti, kiwanja au kapu la sadaka. Mkristo hahitaji kuthibitishiwa kwamba mwili wa Kristo ni mmoja, maana hilo alilikiri tangu ubatizo wake. Linalochoma moyo ni kwamba wanaolikiri kwa midomo wanalivunja kwa mikono, tena karibu kabisa na mahali ambapo suala la umoja huo liliwahi kulitikisa kanisa la Kianglikana mpaka Uingereza.

Mahali penyewe ni Thogoto, katika Kikuyu, magharibi ya mji, ambako misheni ya Waskoti ilihamia mwaka 1898 ikitokea Kibwezi. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana huko kupanga shirikisho, yaani umoja ambamo kila dhehebu lingebaki na uongozi wake ilhali yote yakipatana juu ya misingi ya imani na mafunzo ya watumishi, ili Mwafrika aliyebatizwa na hawa asihesabiwe mgeni kwa wale. Mkutano ulifungwa kwa Ushirika Mtakatifu: Askofu Peel wa Mombasa aliongoza kwa kitabu cha sala cha Waanglikana, ndani ya kanisa la Waskoti, na watu wa madhehebu mbalimbali wakala meza moja. Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi, ambao ni kufundisha kinyume cha imani iliyopokewa.

Asiyesoma atadhani Weston alikuwa mpenda ugomvi tu. Barua yake ya wazi ya mwaka huo ililenga pia kitabu Foundations, kilichotolewa mwaka 1912 na wasomi saba wa Oxford chini ya uhariri wa B. H. Streeter, ambao walitaka kuieleza imani upya kwa kufuata uhakiki wa Biblia, yaani kuyachunguza Maandiko kwa mbinu zilezile zinazotumiwa kuchunguza hati nyingine za kale, na ambao uchunguzi wao uligusa hata ufufuko. Kwa Weston, aliyeishi kati ya Waislamu wa Unguja, kanisa lisilojua linaamini nini lingekosa la kujibu siku litakapoulizwa. Alikosea kuwaita wenzake wazushi, na uamuzi wa Askofu Mkuu uliotolewa mwaka 1915 haukuwatia hatiani hivyo, ingawa ulishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Lakini alichokipigania kilistahili kupiganiwa. Tena ndiye huyohuyo ambaye, baada ya Gavana Northey wa Afrika Mashariki ya Kiingereza kutoa waraka wa mwaka 1919 wa kuwahimiza machifu wapeleke watu kwenye mashamba ya walowezi, aliandika The Serfs of Great Britain kuilaani kazi ya lazima, wakati Willis na Dkt. Arthur wa Thogoto walikuwa tayari kuikubali mradi iwekewe sheria.

Hayo ndiyo mafarakano ya watu wenye imani ya kugombania. Ya leo yana nini? Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na wapiganapo tembo nyasi huumia: mjane aliyechangia mabati ya kanisa huamka Jumapili akakuta kufuli mlangoni, na vijana hujifunza kwamba Injili ni mali ya kugawana.

Wala haiwezekani kupita kimya juu ya vyeo. Mabango ya barabarani yamejaa maaskofu wakuu, manabii na mitume waliojivika wenyewe. Peel na Willis, pamoja na uaskofu wao, waliweza kushtakiwa na wakalazimika kujieleza; huyu aliyejitawaza atashtakiwa kwa nani? Debe tupu haliachi kuvuma.

Hata hivyo, Wakristo wa Nairobi hawajapungukiwa akili wala moyo. Ushirikiano ulioanzia Thogoto ulizaa umoja wa misheni wa 1918, na kutokana nao Shule ya Upili ya Alliance mwaka 1926. Mwaka 1971 John Gatu wa Kanisa la Presbiteri alisimama Milwaukee, Marekani, akataka wamisionari na fedha za ng'ambo visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajisimamie. Heshima hiyo ya kujisimamia inachafuliwa na wale ambao, wino wa kujitenga haujakauka, tayari wanawaandikia wafadhili wa nje.

Basi wazee wa kanisa, kabla ya kutia sahihi fomu ya kusajili kanisa jingine, wawaite wale wanaotaka kuachana nao, wakae pamoja, na waulizane waziwazi ni fundisho gani la imani linalowatenganisha. Na kama halipo, fomu hiyo ichanwe, na Jumapili ijayo wote washiriki Meza ya Bwana pamoja.