Insafu kwa Jaji Frankfurter

Felix Frankfurter, aliyezaliwa Vienna mwaka 1882 katika nyumba ya Kiyahudi na kufika New York angali mtoto asiyejua Kiingereza, alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1939 hata 1962, na muda wote huo alishika kauli moja: kwamba jaji hakuchaguliwa na raia, basi asiitangue sheria ya waliochaguliwa kwa kuwa tu moyo wake hauiridhii. Leo aghalabu hutajwa kwa lawama, nami naona lawama hizo zina haki nusu.

Wanaomlaumu husahau alikotoka. Mwaka 1905 mahakama hiyohiyo ilitangua sheria ya New York iliyokataza waoka mikate kufanyizwa kazi zaidi ya saa 60 kwa juma, na mwaka 1918 ikatangua sheria iliyokusudia kukomesha ajira ya watoto viwandani. Mtu aliyeshuhudia majaji wakiwapokonya wanyonge nafuu waliyopewa na wabunge, si ajabu akiuogopa uwezo wa joho hata alipolivaa mwenyewe.

Lakini itazame kesi ya Minersville, Pennsylvania, ambako Lillian Gobitas, binti wa miaka 12, na nduguye William wa miaka 10, walifukuzwa shule mwaka 1935 kwa kuwa imani yao ya Mashahidi wa Yehova iliwakataza kuipigia bendera saluti. Mwaka 1940 Frankfurter, akiwasemea majaji wanane dhidi ya mmoja, aliihalalisha amri ya shule, akasema mabishano ya namna hiyo yapelekwe kwa wananchi na wawakilishi wao. Wananchi hao, siku chache baadaye, walikuwa wakiwapiga Mashahidi barabarani, na huko Kennebunk, jimbo la Maine, wakauchoma moto ukumbi wao wa ibada. Mahakama ilipojirudi mwaka 1943, yeye hakujirudi.

Hata mwaka 1962, wapiga kura wa miji ya Tennessee waliposhtaki kwamba majimbo yao hayajagawanywa upya tangu 1901, aliwaelekeza tena kwa baraza la wawakilishi, ilhali wajumbe wa baraza hilo ndio waliokuwa wakinufaika na mgawanyo ule mbovu. Hapo ndipo alipokosea: kumwambia madhulumu arudi kwa wapiga kura ni haki pale tu anapoweza kuhesabiwa miongoni mwao. Waoka mikate waliweza. Lillian, mtoto wa dini ya wachache, hakuweza.

Wanafunzi wetu wa sheria na wamsome kwa makini, wala wasimfuate mpaka mwisho.